Umefikia Wapi? Historia Fupi ya Malazi ya Mgeni Mjini

Mgeni ashukaye katika mji wa Waswahili huulizwa maswali mawili kabla ya kuulizwa jambo jingine. La kwanza ni la hali, nalo lina majibu yake ya desturi. La pili ni hili: "Umefikia wapi?" Kwa mtu ajifunzaye lugha kutoka vitabuni swali hili lina utata kidogo, maana kufika ni kukoma kwa mwendo, na mwulizaji aona kwa macho yake kwamba mgeni amekwisha kufika. Lakini fikia si fika. Kiambishi cha kutendea kimeingia katikati na kukigeuza kitendo: mtu hufika mjini, bali hufikia kwa mtu. Jibu lililotarajiwa zamani lilikuwa ni jina la mwenyeji, "Nimefikia kwa Fulani bin Fulani", na likiisha kutajwa jina hilo mwulizaji alikuwa amekwisha kujua mengi: ukoo wa mgeni, shughuli yake, mtaa atakaoonekana, na nani wa kuulizwa endapo mgeni ataharibu jambo. Siku hizi jibu aghalabu huwa jina la nyumba: gesti fulani nyuma ya soko, hoteli fulani karibu na stendi. Mabadiliko ya jibu hilo, kutoka jina la mtu hata jina la nyumba, ndiyo historia ya malazi katika miji ya Afrika ya Mashariki. Nayo ni ndefu kuliko inavyodhaniwa, na ina dhuluma ndani yake isiyotajwa mara nyingi.

Husemwa na wengi kwamba kabla ya kuja Wazungu hapakuwapo malazi ya kulipia katika pwani hii, kwa kuwa ukarimu wa wenyeji ulitosha, na kwamba hoteli ni jambo geni lililoletwa pamoja na jina lake. Kauli hiyo ina nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba Kiswahili, kilichopokea kwa Kiarabu neno safari, na msafiri, na musimu, hakikupokea neno funduk, ambalo katika miji ya Waarabu ndilo jina la nyumba ya wasafiri. Maneno ya mwendo wa mbali ni ya Kiarabu. Maneno ya mahali pa kulaza ubavu ni ya Kibantu: mgeni, mwenyeji, kulala, chumba, malazi, kufikia. Yaonekana basi kwamba watu wa pwani, walipokutana na biashara ya bahari, walikuwa na taratibu yao ya kumpokea mtu, nayo ilitosha hata wasihitaji kuazima ya wengine. Lakini kusema kwamba taratibu hiyo ilikuwa ni ukarimu mtupu, usio na hesabu ndani yake, ni kutoutazama ushahidi.

Ushahidi wa zamani na ulio wazi ni wa Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, aliyeshuka katika pwani hii mwaka 1331. Alipofika Mogadishu aliona desturi ambayo aliieleza kwa urefu. Jahazi likitia nanga, vijana wa mji huliendea kwa mashua ndogo, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa. Humwendea mfanya biashara mmojawapo, humpa chakula kile, na kutangaza kwamba huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mfanya biashara hana ruhusa ya kufikia pengine ila kwa kijana yule, isipokuwa awe ni mtu aliyezoea kuja na kujulikana mjini, ambaye huweza kushukia apendapo. Kisha mwenyeji ndiye amwuziaye mgeni bidhaa zake na kumnunulia atakazo. Mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya chini mno, au akimwuzia kitu pasipokuwapo mwenyeji wake, biashara hiyo huhesabiwa kuwa batili.

Sahani ile ya chakula haikuwa sadaka. Ilikuwa ni namna ya kufunga mkataba mbele ya mashahidi, na mashahidi walikuwa ni abiria wote wa jahazi. Mgeni alipata kitanda, chakula, ghala, mkalimani na dalali, yote katika nyumba moja na katikati ya mji. Wala hakutoa fedha kwa ajili ya kulala. Alichotoa ni uhuru wake wa kufanya biashara peke yake. Mwenyeji alipata faida yake katika kuuza na kununua. Kwa hiyo malazi yale yalikuwa rahisi kwa mtu mwenye bidhaa, na kwa mtu asiye na bidhaa hayakuwapo kabisa. Ibn Battuta mwenyewe, aliyekuwa mwanachuoni na si mfanya biashara, hakupelekewa sahani kwa shuruti hiyo. Alichukuliwa na kadhi akafikishwa kwa sultani, akalazwa katika nyumba iliyotengwa kwa wanafunzi wa elimu, akaletewa wali wa samli pamoja na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Kila namna ya mgeni ilikuwa na mlango wake. Huko Mombasa alilala usiku mmoja tu, na Kilwa alishughulika zaidi kueleza ukarimu wa sultani wake. Lakini desturi ya mgeni kuwa na mwenyeji mmoja anayemsimamia haikukoma kusini ya Mogadishu, na nyumba zenyewe zaweza kuwa shahidi.

Nyumba za mawe za Lamu na Pate, hasa zile za karne ya kumi na nane, zilijengwa kwa mpango ambao Usam Ghaidan aliueleza katika kitabu chake juu ya Lamu kilichotoka mwaka 1975. Mtu aingiapo kutoka njiani hupita kwanza daka lenye viti vya mawe pande mbili, ndipo akaingia mlango na kufika kiwandani. Baada ya kiwanda huja misana, kisha ndani, na nyuma kabisa nyumba kati. Kila hatua ni ya siri zaidi kuliko iliyotangulia. Lakini karibu na mlango, kabla mtu hajaingia katika maisha ya wenye nyumba, palikuwa na chumba kiitwacho sabule, nacho kilikuwa ni cha mgeni. Kilikuwa na choo chake. Mgeni aliweza kutoka na kuingia, kwenda bandarini na kurudi, asionane na wanawake wa nyumba wala asiwasumbue. Mtu wa Hadhramaut au wa Bara Hindi aliyengoja upepo aliweza kukaa humo miezi mitatu au minne, maana aliyekuja na kaskazi hakuweza kurudi hata kusi ivume. Mtu wa kukaa muda huo hahesabiwi kuwa mgeni wa siku mbili ambaye ya tatu hupewa jembe. Alikuwa ni sehemu ya uchumi wa nyumba, na nyumba ilimjengea chumba.

Neno hili limepata safari yake. Katika Kiswahili cha Unguja na katika Kiswahili sanifu ni sebule, na maana yake ni chumba cha kuketi na kuzungumza. Mgeni wa sebuleni leo hunywa chai akaaga. Kitanda kimeondolewa ndani ya neno, na wengi walitumiao hawajui kwamba kilikuwamo. Si rahisi kutaja mwaka ambao jambo hilo lilitokea, wala haielekei kuwa lilitokea kwa ghafula. Lakini lalingana na kupungua kwa biashara ya majahazi, iliyoondoa haja ya kumlaza mfanya biashara wa ng'ambo nyumbani kwa mtu.

Barani mambo yalikuwa mengine. Misafara ya pembe iliyoshuka Bagamoyo katika karne ya kumi na tisa ilileta wapagazi kwa maelfu, na maelfu hawawezi kufikia kwa mtu. Walipiga kambi, walijenga vibanda pembeni ya mji, na baadaye pakawa na jengo la kuwapokea wasafiri na mizigo. Hata hivyo mpagazi wa Kinyamwezi hakuwa mtu asiye na mlango wa kubisha. Kati ya Wanyamwezi na Wazaramo kulizuka utani, ambao asili yake yahusishwa na njia za misafara, na mtani aliweza kudai chakula, na hata maziko, kwa mtu asiye ndugu yake. Wahindi nao, kila jamaa kwa madhehebu yao, walijenga musafirkhana katika miji ya pwani, mahali ambapo mtu wa jamaa aliweza kulala kwa malipo madogo au bila malipo. Kwa kuwa nyumba hizo zilijengwa karibu na misikiti, mahekalu na maduka ya jamaa zao, zilikuwa katikati kabisa ya mji. Ila zilikuwa za wenyewe. Swali la mlangoni lilikuwa ni mgeni ni wa nani, na jibu lake halikuweza kununuliwa.

Hoteli kwa maana ya Kizungu, yaani nyumba ambayo mtu asiyejulikana na yeyote hupewa kitanda kwa sababu tu ametoa fedha, ilikuja na reli na meli. Mwaka 1902 Mayence Bent alifungua Stanley Hotel mjini Nairobi, miaka mitatu tu baada ya reli kufika hapo. Na siku ya Krismasi ya mwaka 1904 ilifunguliwa Norfolk Hotel. Dar es Salaam Wajerumani walikuwa na Kaiserhof karibu na bandari, nayo baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikaitwa New Africa Hotel. Hapa pana jambo la kustaajabisha. Wazo lenyewe la hoteli, kwamba fedha ya mtu yeyote ni sawa na fedha ya mwingine, lilikuwa ni wazo jipya na lenye kumweka mtu huru: lilimtoa mgeni katika mkono wa mwenyeji wake. Lakini walioleta wazo hilo hawakulifuata. Mlangoni mwa hoteli zile fedha ya Mwafrika haikuwa fedha. Aliingia kwa mlango wa nyuma akiwa mpishi, dobi au mchukuzi wa mizigo, na hali hiyo ilidumu katika hoteli nyingi za Nairobi hata katika miaka ya 1950.

Wala si milango ya hoteli peke yake iliyofungwa. Katikati ya mji kwenyewe kulifungwa. Dar es Salaam iligawanywa sehemu tatu kwa kanuni za ujenzi. Kanuni hizo ziliepuka kutaja rangi ya mtu na kutaja aina ya nyumba: sehemu ya kwanza majengo ya Kizungu, ya pili ya biashara na makazi, ya tatu nyumba za udongo na makuti. Mtu asiye na uwezo wa kujenga kwa namna iliyoamriwa hakuweza kukaa mahali pale, na kila mtu alijua ni nani asiye na uwezo. Hivyo ndivyo palivyopatikana Uzunguni, Uhindini na Kariakoo, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati kutenga. Nairobi sheria zilikuwa kali zaidi. Tangu mwaka 1920 hivi mwanamume Mwafrika alichukua kipande, na asiye na kazi mjini alihitaji kibali cha kukaa, hata kama amekuja kumwangalia nduguye tu. Kwa mtu wa namna hiyo hoteli nafuu iliyo mahali pazuri lilikuwa ni jambo lililokatazwa mara mbili: kwanza hoteli, kisha mahali.

Malazi yalipatikana kule alikosukumwa, yaani Kariakoo na Pumwani. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu upande huu na vitatu upande huu, ukumbi katikati, ua nyuma wenye jiko na choo, na baraza mbele, ilikuwa imekwisha kuenea katika miji ya pwani na kufuata reli hata barani. Wapimaji wa serikali waliiona kuwa ni nyumba ya familia kubwa. Wenye nyumba waliiona kwa jicho jingine: kila chumba kina mlango wake ukumbini, kwa hiyo kila chumba chaweza kupangishwa peke yake. Chumba kimoja alikaa mwenye nyumba, vitano vikamlisha. Mpango uleule uliomwezesha mgeni wa Lamu kuingia na kutoka bila kuwasumbua wenyeji ulipatikana tena hapa, umefanywa kwa udongo na miti, na safari hii ulikuwa na kodi ya mwezi.

Katika Pumwani, kijiji kilichopimwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, nyumba si chache zilikuwa mali ya wanawake. Utafiti wa Luise White, uliochapishwa mwaka 1990, umeonyesha jinsi wanawake wa Nairobi walivyouza kwa wanaume wasio na makazi mambo yaliyokuwa hayapatikani kokote kwa halali: kitanda, chai ya asubuhi, maji ya kuoga, na mazungumzo. Kitabu hicho chahusu umalaya, na wasomaji wengi wamekisoma kwa ajili hiyo. Lakini mwanahistoria wa malazi hawezi kukisoma asione kwamba mengi katika yale yaliyouzwa ndiyo yauzwayo na hoteli yoyote ya heshima. Serikali iliyokataza wafanyakazi wake wasilale mjini kwa halali iliwaachia wanawake hao kazi ya kuulaza mji, kisha ikawaita wahuni. Mwaka 1939 kijiji cha Pangani, kilichokuwa na nyumba za namna hiyo tangu mwanzo wa mji, kilibomolewa, na wenye nyumba wake wakapoteza walichokijenga.

Dar es Salaam njia ya kawaida ilibaki kuwa ni ya kufikia kwa mtu. J. A. K. Leslie, aliyefanya uchunguzi wa mji huo mwaka 1956, alieleza jinsi mgeni kutoka barani alivyomtafuta kwanza ndugu au mtu wa kwao, akalala kwake hata apate kazi. Ilikuwa rahisi kwa mgeni; kwa mwenyeji mwenye chumba kimoja na mshahara wa kibarua haikuwa rahisi hata kidogo. Methali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone, ilitungwa na watu ambao mgeni wao alikuja na bidhaa. Mgeni wa Kariakoo alikuja na njaa.

Ni katika hali hiyo kwamba neno hoteli lilipata maana yake ya Kiswahili. Katika miji na vijiji vya Kenya na Tanzania, mtu asemaye anakwenda hotelini mara nyingi hana nia ya kulala. Anakwenda kunywa chai na kula mandazi, au wali na maharagwe. Atakaye kueleza nyumba yenye vitanda huongeza neno: hoteli ya kulala. Wanaosahihisha Kiswahili cha wengine wamelalamika mara nyingi kwamba haya ni makosa, na kwamba mahali pa kula ni mkahawa au mgahawa. Lugha haikuwasikiliza, nayo ilikuwa na sababu.

Yawezekana kutoa maelezo mawili. La kwanza ni kwamba maana hiyo imetoka Bara Hindi, ambako mpaka leo katika majimbo mengi hoteli ni nyumba ya chakula. Na wenye maduka ya chai ya kwanza katika miji mingi ya Afrika ya Mashariki walikuwa Wahindi. La pili ni kwamba Mwafrika aliyetaka kufanya biashara katika miaka ya 1920 na baadaye aliweza kupata leseni ya kuuza chakula katika sokoni na mitaa ya Waafrika, wala hakuwa na njia ya kujenga nyumba ya vitanda katikati ya mji. Akachukua jina kubwa alilolikuta juu ya mlango wa Mzungu na kuliandika juu ya mlango wake. Maelezo haya mawili hayapingani. Wahindi walilileta neno likiwa na maana hiyo, na sheria za mji zikalilinda lisipate maana nyingine. Neno linalotaja vitu viwili, chakula na kitanda, likiingia katika jamii ambayo kimoja huuzwa na cha pili hakiuzwi, litabaki na kile kinachouzwa. Wala Kiswahili hakikulionea neno hili, maana lilikwisha kugeuka mara nyingi kabla ya kufika hapa. Katika Kilatini shina lake, hospes, lilimtaja mgeni na mwenyeji wote wawili pamoja, jambo ambalo Mswahili hawezi kulikubali. Na katika shina hilohilo limetoka neno hospitali, ambako mtu hulazwa pia, ila kwa sababu nyingine.

Baada ya Uhuru milango ya hoteli kubwa ilifunguliwa, na serikali mpya zikajenga au kukaribisha nyingine kubwa zaidi: Kilimanjaro Hotel ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1965, na Hilton ya Nairobi mwaka 1969, hata ikafungwa mwaka 2022. Zilikuwa ni fahari ya mataifa, nazo zilikuwa mahali pazuri. Lakini mwalimu wa shule ya msingi aliyekuja mjini kufuatilia mshahara wake hakulala humo. Rangi haikumzuia tena mlangoni, ikamzuia bei. Nyumba za makanisa na za vyama kama Y.M.C.A. na Y.W.C.A. ziliwafaa watu wa kadiri, zikiwa safi na karibu na maofisi, lakini vitanda vyao havikuweza kutosha.

Aliyelaza watu wengi alikuwa ni yule mwenye nyumba ya vyumba sita. Aliondoa wapangaji wa mwezi, akaweka kitanda, chandarua, ndoo na kandambili katika kila chumba, akafungua daftari, akaandika ubaoni neno la Kiingereza ambalo wateja walilifupisha mara moja kuwa gesti. Huko Kenya, hasa katika mtaa wa River Road wa Nairobi, jina lililoshika ni lojingi. Kiswahili cha maofisini kikaleta nyumba ya wageni, ambalo ni jina zuri na halisemwi na mtu aliyechoka. Gesti ina sifa yake mbaya, na sifa hiyo si ya uongo: watu wengine huikodi kwa saa, na ile isiyo na leseni huitwa gesti bubu. Hata hivyo ni hapo kwa mara ya kwanza katika historia ya miji hii ambapo mtu asiye na bidhaa, asiye wa jamaa, asiye na ndugu, asiye Mzungu wala tajiri, aliweza kulala katikati ya mji kwa fedha yake ndogo na kuamka bila kumshukuru mtu. Daftari la mlangoni, linalouliza jina, kazi, atokako na aendako, limechukua kazi ya yule mwenyeji wa Mogadishu. Nalo halimlazimishi mgeni kuuza chochote kwa mkono wake.

Kwa gesti mahali pazuri si ufukweni. Ni pale ambapo basi husimama na mzigo hununuliwa. Kwa hiyo gesti za Dar es Salaam zilijazana Kariakoo, ambako mwenye duka wa mkoani hununua mali, na zikazunguka Ubungo wakati stendi ya mabasi ya mikoani ilipokuwa hapo. Nayo stendi ilipohamia Mbezi Louis mwaka 2021, wenye gesti za Ubungo walijikuta wako karibu na kitu kisichokuwapo. Mombasa vivyo hivyo: garimoshi la zamani lilimshusha abiria ndani ya kisiwa, akafika malazini kwa miguu, reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 humshusha Miritini, nje ya kisiwa, na nauli ya kuingia mjini imekuwa sehemu ya bei ya kitanda.

Pamoja na hayo kumetokea mgeni wa namna mpya, ambaye lugha bado haijamzoea. Zamani mfanyakazi aliyepewa livu, au likizo kama isemwavyo sasa, aliondoka mjini akaenda kwao. Mji ulikuwa ni mahali pa kazi. Hapakuwa na maana ya kupumzika hapo. Sasa familia za Nairobi hushuka Mombasa kila Desemba, na watu wa Dodoma na Mwanza hwenda Dar es Salaam au Unguja, hawana mgonjwa wala harusi wala mali ya kununua. Wakiulizwa walichokuja kufanya hujibu kwa neno la zamani: wamekuja kutembea. Neno hilo lilimaanisha kwenda kumwona mtu, na mtembezi alikuwa na mwenyeji. Watu hawa wanatembea mji wenyewe. Mara nyingi wanao ndugu papo hapo mjini, na kufikia gestini huku ndugu yupo ni jambo linaloleta manung'uniko. Shangazi huona kwamba amenyimwa haki yake. Vijana huona kwamba wamempunguzia gharama. Wote wawili wasema kweli, na ugomvi huo katika nyumba nyingi haujakwisha.

Huko Lamu, ambako mji wa kale uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, nyumba kadhaa za mawe zimetengenezwa upya na kukodishwa kwa siku kwa watalii na kwa Wakenya wa bara. Wakati wa Maulidi mahujaji wa Msikiti wa Riyadha bado hufikia kwa watu, hulazwa bure, na kulishwa. Lakini katika nyumba za kukodi mpango wa zamani umepinduliwa. Sabule, iliyo karibu na mlango na yenye makelele ya njiani, hufanywa mahali pa kuandikisha jina na kuweka mizigo. Mgeni huongozwa kupita kiwanda na misana, hata ndani, alipokuwa akikaa mke wa mwenye nyumba na ambapo mgeni wa zamani, hata akikaa miezi minne, hakukanyaga. Ndicho chumba chenye utulivu kupita vyote, na bei yake ni ya juu.